Siku Saba Nje ya Kambi

Masomo ya juma hili: Walawi 13 na 14, Luka 17:11-19



Sura ya kumi na tatu ya Walawi ni mojawapo ya zile ambazo Wakristo huziruka. Tunakuta humo vipele, madoa, nywele zilizogeuka rangi, vipara, hata ukungu wa nguo, nasi tunafunua kurasa upesi mpaka tufike penye simulizi. Sisi wahubiri ndio wa kwanza kuikwepa. Sijasikia mkutano wa injili uliofunguliwa kwa somo la usaha. Lakini ugonjwa wa mpox ulipoingia katika nyumba za mji wetu wa Uvira mwaka 2024, na akina mama wakawa wanawavua watoto nguo asubuhi ili kuwakagua ngozi, sura hii iliyodharauliwa ikawa habari ya mtaa.

Itazameni inavyokwenda. Mtu akiona uvimbe au doa kwenye ngozi yake, analetwa kwa kuhani. Kuhani anatazama. Dalili zikiwa wazi, anatamka. Zisipokuwa wazi, hatamki neno: anamweka mtu huyo kando siku saba. Siku ya saba anamtazama tena. Doa likiwa limesimama pale pale, siku saba nyingine, ndipo atamke. Ajabu ni kwamba kuhani huyu hakupewa dawa hata moja. Hakuwa mganga. Alipewa macho, hesabu ya siku, na amri ya kutoropoka.

Nimeikumbuka sura hiyo kwa sababu ya swali ninaloulizwa mlangoni baada ya ibada: pasta, kipi cha kuaminiwa, kile kipimo cha dakika kumi na tano au kile cha maabara? Mama anayeuliza hivyo hana haja ya somo la sayansi. Anataka kujua kama mtoto arudi shule, kama yeye mwenyewe arudi sokoni na ndagala zake, kama kwaya itampisha kwenye benchi au itamkimbia. Basi leo tuvitafakari vipimo, kwa utulivu kidogo, kwa sababu nimeona vikitumiwa kama vyeti vya utakatifu na pia kama hukumu za kifo, navyo si hiki wala si kile.

Kipimo cha haraka, kama kile cha COVID-19 tulichokijua siku za barakoa, hutafuta protini za kirusi katika ute wa pua. Kijiti, matone machache ya dawa, mstari mmoja au miwili. Hakihitaji umeme. PCR ya maabara haishughuliki na protini. Inatafuta kipande cha chembe za urithi za kirusi, na ikikipata inakizidisha maradufu, tena na tena, mpaka hata kilichokuwa kidogo sana kionekane. Njia hiyo ilibuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, na miaka kumi baadaye ikampatia Tuzo ya Nobel. Kwa ukali wake huo, PCR hukiona kirusi mapema, na huendelea kukiona hata majuma kadhaa baada ya mtu kupata nafuu, wakati yaliyobaki mwilini ni mabaki yasiyoweza kumwambukiza mwingine. Kijiti hukiona kirusi pale kinapokuwa kimejaa, yaani siku za kwanza za ugonjwa, ambazo ndizo siku mtu huwaambukiza wenzake zaidi.

Kwa hiyo vipimo hivi viwili haviulizwi swali moja. Cha maabara kinaulizwa: kuna alama yoyote ya kirusi hapa? Cha haraka kinaulizwa: kirusi kimejaa leo? Mtu anaweza kupata "ndiyo" kwa swali la kwanza na "hapana" kwa la pili, siku ile ile, na pasiwe na kipimo kilichosema uongo. Wavuvi wetu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wavu ukitoka mtupu, hakuna anayerudi bandarini Kalundu kutangaza kwamba Ziwa Tanganyika limekwisha samaki.

Septemba 2020 OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, iliweka kiwango cha chini cha vipimo vya haraka vya COVID-19: katika wagonjwa 100 kiwatambue angalau 80, na katika wazima 100 kiwaambie angalau 97 kwamba hawana kitu. Ukisikia 97 kwa 100 moyo unatulia. Sasa tupige hesabu pamoja, maana hapa ndipo wengi hujikwaa, wachungaji wakiwemo.

Tuseme mtaa una watu 1,000 na wagonjwa ni 10. Tukiwapima wote, kipimo kitawaona 8 na kitawakosa 2. Katika wale wazima 990, watu kama 30 watapata mistari miwili bila kuwa na ugonjwa. Jumla ya waliotoka chanya ni 38, na 30 kati yao ni wazima! Badilisha jambo moja tu: wagonjwa wawe 300. Kipimo kile kile kitawaona 240, kitawakosa 60, na wazima watakaosingiziwa hawafiki 25. Sasa karibu kila aliyetoka chanya anaumwa kweli, lakini watu 60 wanarudi nyumbani na karatasi ya hasi huku wamebeba kirusi. Kijiti ni kile kile. Mtaa ndio uliobadilika.

Ndiyo maana muuguzi mwenye busara huanza kwa maswali: unatoka wapi, unalala chumba kimoja na nani, nani alikuwa na homa juma lililopita. Wengine wetu hukasirika, tukiona kama tunapelelezwa. Tumjibu. Bila majibu yetu, mstari wa kwenye kijiti ni nusu ya habari.

Kwa mpox mambo yalikwenda njia nyingine, na mkoa wetu wa Kivu Kusini una sehemu yake katika historia hiyo. Binadamu wa kwanza kutambuliwa na ugonjwa huu alikuwa mtoto wa miezi tisa huko Basankusu, katika mkoa wa Equateur, mwaka 1970. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa misituni, wa watu walioshika wanyama. Kisha, Septemba 2023, ukajitokeza Kamituga, mji wa wachimba dhahabu, ukipita kwa wingi kutoka mtu hadi mtu. Watafiti walioufuatilia hadi mwisho wa Februari 2024 waliandika watu 241 walioshukiwa katika eneo la afya la Kamituga. 108 walithibitishwa kwa PCR. Baadaye ukaonekana Bukavu, ukaonekana hapa kwetu, na Julai 2024 Burundi ikathibitisha wagonjwa wake wa kwanza. Tarehe 13 Agosti Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, ilitangaza dharura ya bara. Kesho yake OMS ikatangaza dharura ya dunia.

Muda huo wote hapakuwa na kijiti cha kutegemewa. Vijiti vya mpox vilitengenezwa, lakini vilipojaribiwa viliwakosa wagonjwa wengi, na mwongozo wa OMS ukabaki ule ule: thibitisha kwa PCR, tena kwa majimaji au gamba la kipele chenyewe. Macho peke yake hayatoshi, kwa kuwa watoto wetu wana tetekuwanga, wana surua, wana upele, na mtoto mmoja anaweza kuwa na mawili kwa pamoja. Ilibidi sampuli za kwanza za Kamituga zisafiri hadi INRB, maabara ya taifa huko Kinshasa, yaani kutoka ukingo huu wa nchi mpaka ukingo wa pili. Hebu fikirini mama aliyekaa kitandani na mtoto wake akingoja jibu linalorudi kutoka huko.

Mwisho wa Oktoba 2024 OMS iliidhinisha kwa matumizi ya dharura katriji ya mpox ya mashine ya GeneXpert, mashine ile ile ndogo inayotumika kupima kifua kikuu. Sampuli inawekwa kwenye katriji, PCR inafanyika ndani, na jibu hutoka kabla ya saa moja kwisha. Hapo mpaka kati ya "haraka" na "maabara" unaanza kufutika. Ila katriji moja iliuzwa karibu dola 20, na mashine hainywi mafuta ya taa, inataka umeme. Nani wa Uvira asiyejua habari ya umeme?

Kuna jambo lililogunduliwa Kamituga ambalo nimelitafakari kuliko mengine yote. Wataalamu walipokichunguza kirusi cha huko, waliona kimepoteza kipande cha chembe zake za urithi. Kwa bahati mbaya kipande hicho ndicho ambacho kipimo kimoja cha PCR, kilichokuwa kikitumika kutambua ukoo wa kwanza wa mpox (ukoo wa I), kilitengenezwa ili kukitafuta. Matokeo yake, kirusi ni cha ukoo wa kwanza na kipimo kinajibu kwamba sicho. Hapa hatuzungumzi juu ya kijiti cha bei nafuu. Tunazungumza juu ya maabara, yenye majokofu na makoti meupe. Kilichosaidia ni kipimo kingine, cha jumla, kilichoendelea kusema kwamba hii ni mpox, pamoja na kazi ndefu ya kuzisoma chembe zote za urithi za kirusi, herufi kwa herufi. Hapo ndipo tawi jipya likapata jina lake, Ib.

Mashine huona ilichofundishwa kuona. Kipande kikikosekana, inasema hakuna kitu, nayo inasema kwa sauti ile ile ya uhakika. Lakini angalieni pia upande wa pili: waliogundua kasoro hiyo ni wanasayansi wenyewe, na hawakuificha. Waliiandika, wakaichapisha, ili maabara nyingine zibadilishe vipimo vyao. Natamani kamati zetu za kanisa zingekuwa na tabia hiyo hiyo zinapogundua kwamba zilimtenga mtu kwa kosa.

Tuje nyumbani zaidi. Makanisa mengi huku kwetu hudai karatasi ya kipimo cha VIH, kirusi cha UKIMWI, kabla ya kufungisha ndoa. Vijana wawili wanakuja na karatasi zao, hasi na hasi, mchungaji anatabasamu, tarehe inapangwa. Sipingi karatasi hiyo. Lakini tujue imeulizwa nini. Kipimo cha haraka cha VIH hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatuma kupigana na kirusi, na mwili huchukua majuma kadhaa kuwatuma. Aliyeambukizwa juzi atapata hasi leo, kwa haki kabisa. Karatasi inaeleza habari za majuma yaliyopita. Habari za juzi haizijui, na za kesho hata kidogo. Kijana anayeitumia kama ruhusa ya kuzurura mpaka siku ya harusi ameisoma vibaya.

Upande wa chanya nao una uangalifu wake. Tangu 2019 OMS inapendekeza vipimo vitatu mfululizo vikubaliane kwamba kuna maambukizi kabla mtu hajaambiwa kuwa ana VIH. Vitatu! Sheria ya Musa nayo haikukubali mtu ahukumiwe kwa shahidi mmoja. Na mtoto mchanga wa mama mwenye VIH ana habari yake peke yake: hubeba kingamwili za mama yake hata kufikia miezi 18, kwa hiyo kipimo cha haraka kinaweza kutoka chanya kwa mtoto ambaye hana kirusi chochote. Kwake yeye panahitajika PCR, tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara. Nawaomba bibi na mashangazi wa kanisa hili msikie vizuri. Mtoto asiitwe mgonjwa kwa kipimo kilichokuwa kinamweleza mama yake.

Sasa nisije nikaeleweka kwamba kungoja ndiko utakatifu wenyewe. Tumezoea kusema haraka haraka haina baraka. Mbele ya kipindupindu methali hiyo inaua. Kipindupindu, kwa wale watakaonisahihisha, ni bakteria, si kirusi. Lakini hapa kwenye ukanda wa ziwa ndio ugonjwa tunaoujua kuliko wowote, umekuwa nasi tangu miaka ya 1970. Nacho kina kijiti chake cha haraka na kina uthibitisho wake wa maabara unaochukua siku. Mtu anayeharisha maji kama ya mchele hangojei kimoja wala kingine. Anapewa maji ya chumvi na sukari njiani, anatundikiwa dripu akifika, na kipimo kinafuata nyuma. Hapo haraka ndiyo huruma. Kipimo kina kazi nyingine: kinawaonyesha wakubwa wa afya ni mtaa gani unaoungua kweli, ili klorini na chanjo ziende huko, kwa sababu si kila kuharisha kwa Uvira ni kipindupindu.

Basi hekima ya kuhani haikuwa uvivu. Dalili zilipokuwa wazi alitamka siku ile ile. Alingoja pale tu ambapo hakuwa na haki ya kujua bado.

Kipimo cha haraka kuliko vyote ni kipimajoto. Julai 2019, wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa Goma alikuwa mtumishi wa Mungu, pasta, aliyekuwa amekwenda Butembo kuhubiri na kuwagusa wagonjwa kwa maombi. Alirudi kwa basi. Njiani alipita vituo vitatu vya ukaguzi wa afya, penye kipimajoto, na hakuna kilichoonekana kwake. Tarehe 14 alifika Goma akiwa anaumwa, maabara ikathibitisha, na ndani ya siku chache akafariki. Mlipuko ule uliendelea mpaka Juni 2020, ukaua watu 2,287. Simtaji ndugu huyo kwa kumlaumu. Alifanya lile tulilofundishwa wote kufanya. Namtaja kwa sababu mara tatu alipita na mara tatu ilionekana ni salama, na kwa sababu sisi wachungaji tunaowawekea watu mikono tuna sababu kubwa kuliko wengine ya kuheshimu maabara.

Ndipo nafika kwa Luka. Wenye ukoma kumi wanasimama mbali, wanapaza sauti. Yesu hawawekei mikono. Anawaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, na wanapokuwa njiani wanatakasika. Uponyaji ulikuwa wake, lakini aliwaelekeza kwa yule ambaye Walawi 14 ilimpa kazi ya kuthibitisha. Hakusema: mkiwa na imani, kuhani wa nini? Katika Luka 5 alimwambia mwingine vile vile. Mmewasikia, nami nimewasikia, wahubiri wanaosimama jukwaani na kutangaza kwamba fulani amepona VIH, kisha wanamwagiza aache dawa. Aliyeponya kweli hakuogopa ukaguzi. Mhubiri anayekukataza kurudi kwa daktari, mkimbie. Sina neno la upole kuliko hilo.

Na kuna mstari katika Walawi 13 ambao zamani uliniudhi. Unasema ugonjwa ukimfunika mtu kuanzia kichwani hadi miguuni, ngozi yote ikawa nyeupe, kuhani atamtamka kuwa ni safi. Yaani aliye na doa moja anatengwa, na yule anayetisha kumtazama anaachiwa? Lakini kuhani alikuwa akitafuta nyama mbichi, kidonda kilicho hai. Aliyegeuka rangi yote bila kidonda alionekana vibaya tu. Mgonjwa wa mpox anaacha kuambukiza magamba yote yakishaanguka na ngozi mpya ikishafunika mahali pake, kwa kawaida baada ya majuma mawili hadi manne. Madoa hubaki. Uso wa kijana wa miaka kumi na saba hubaki na mabaka ya rangi kwa muda mrefu, naye si hatari kwa yeyote. PCR nayo, kama nilivyosema, inaweza kuendelea kuona mabaki. Tumewaona vijana wakikaa nyuma kabisa kanisani, kofia imeshushwa machoni, huku benchi la mbele yao likiwa tupu. Walishatakaswa. Sisi ndio tulioongeza siku.

Nasema hivyo nikijua kwamba siku saba za kungoja ni nyepesi kuandikwa na nzito kuishi. Kwa mama anayeuza sokoni, siku saba ni mtaji. Chumba cha kumtenga mtoto kinapatikana kwa mwenye vyumba. Na katika miaka hii hata mahali pa kungojea pamekuwa pakitoweka. Januari 2025 vita vilipoingia Goma, wagonjwa wa mpox walikimbia vituo vya matibabu pamoja na watu wengine, na Msalaba Mwekundu wa kimataifa ukatoa onyo juu ya maabara ya INRB iliyoko Goma, kwa kuwa ndani yake kulihifadhiwa sampuli, zikiwemo za Ebola. Februari Bukavu ikafuata. Desemba 2025 vita vikafika Uvira kwenyewe, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi, wengi wakilala nje na watoto wakilala wamebanana. Tarehe 5 Septemba 2025 OMS ilikuwa imeondoa dharura ya dunia ya mpox. Kirusi hakikusoma tangazo hilo, na barabara ya sampuli haikufunguka kwa tangazo.

Pia tumejifunza karatasi inavyoweza kuuzwa. Siku za COVID-19, cheti cha PCR kilipogeuka kuwa ufunguo wa mipaka na viwanja vya ndege, vyeti vya bandia vilizuka duniani. Februari 2021 Europol, polisi ya Umoja wa Ulaya, ilitoa onyo juu yake. Aliyenunua hasi ya bandia alimnunulia pia bibi aliyeketi karibu naye ndani ya basi kitu ambacho bibi hakukiomba. Nisingependa kuusikia ushuhuda wa namna hiyo katika kanisa hili, eti Mungu alinifungulia mpaka.

Sasa Walawi 14. Sura inaanza kwa mwendo mmoja ambao sikuuona kwa miaka mingi ya kuhubiri: mgonjwa yuko nje ya kambi, na kuhani ndiye anayetoka kwenda kumwona huko. Mgonjwa haji hemani kuthibitisha kwamba amepona. Kanisa linakwenda alipo. Torati iliyoamuru kutengwa ndiyo iliyomtwika mtumishi safari ya kwenda nje, na sijui tulipata wapi ruhusa ya kutii nusu ya kwanza tu.

Kwa hiyo nina maombi machache ya juma hili. Mashemasi wa mlangoni, msimwombe mtu yeyote karatasi ya kipimo. Wekeni maji na sabuni, na anayesema ana vipele aketi kwenye viti vya nje, sauti inafika hadi pale. Kwaya, mwenye homa apumzike hata kama kijiti kimetoka hasi, na nafasi yake asipewe mwingine. Watu wa maombi, tuombee wagonjwa bila kuwagusa mpaka majibu yatoke. Mwenye jibu la haraka ambalo halilingani na anavyojisikia arudi kwa muuguzi baada ya siku mbili tatu, asione haya. Kuomba kipimo cha pili si ukosefu wa imani wala si matusi kwa muuguzi. Na aliyemaliza siku zake kwa neno la daktari, apewe mkono na benchi la mbele.

Viongozi wa nyumba kumi, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, nyinyi mnajua nani yuko ndani akingoja majibu. Nileteeni majina hayo kwangu peke yangu, kabla ya Ijumaa, ili tupange nani atabeba maji, nani atabeba unga na ndagala, na nani atasimama nje ya mlango kuongea na mgonjwa kila jioni mpaka siku zake zitimie.